Mama anataka kwenda nyumbani, na yuko nyumbani

Swali

"Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 78, na miaka mitatu iliyopita alipimwa akaonekana ana ugonjwa wa kusahau. Enzi zake alikuwa fundi cherehani. Mchana hana shida, ila ikifika saa 11 jioni hatulii. Anazunguka chumba hadi chumba, anatikisa kitasa cha mlango, anasema anataka kwenda nyumbani, watoto wake hawajala. Nikimwambia hapa ndipo nyumbani na watoto wenyewe ndio sisi, hofu inampanda zaidi. Zamani ilikuwa mara mojamoja, sasa ni wiki mbili mfululizo na usiku hakulaliki. Wiki tatu zilizopita tulimnunulia vidonge vya mafua, vile vinavyoleta usingizi, anywe kimoja kila usiku. Siku za mwanzo vilisaidia kidogo. Kaka yangu, ambaye haishi nasi, anataka nitafute daktari ampe dawa kali ya kumtuliza. Juzi nilimfokea mama, halafu nikaenda jikoni kulia. Nikimwambia 'tutakwenda kesho' ananyamaza, lakini roho inanisuta kwamba ninamdanganya mama yangu mzazi. Nifanye nini?"

Jibu

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilikuwa ndefu kuliko hivyo nilivyoifupisha, na sentensi niliyoirudia mara tatu si ile ya mama kutaka kwenda nyumbani. Ni ile ya vidonge vya mafua, uliyoiandika kama jambo la kupita tu. Vidonge vilianza wiki tatu zilizopita, mahangaiko ya kila siku yakaanza wiki mbili zilizopita. Kabla sijasema lolote kuhusu hofu ya mama, tuanzie hapo.

Vidonge vya mafua vinavyolaza, kama vile vyenye klorofeniramini au prometazini, vina kazi ya pili ambayo wanunuzi wengi hawaijui. Hupunguza nguvu ya asetilikolini, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupeana habari. Ubongo wenye Alzheimer, aina ya ugonjwa wa kusahau inayoonekana zaidi, tayari umepungukiwa na kemikali hiyohiyo. Baadhi ya dawa za ugonjwa huu, donepezili ikiwa mojawapo, kazi yake ni kuizuia isivunjwe haraka. Kumpa mgonjwa wa kusahau kidonge cha mafua kila usiku ni kuchota maji kwenye mtungi ambao mwenzako anahangaika kuujaza.

Na haviishii kwenye ubongo. Hukausha mdomo, hufunga choo, na huweza kuufanya mkojo ugome kutoka hata kibofu kikijaa. Hukuniambia lolote kuhusu choo cha mama, na sikulaumu, nani huandika hayo kwenye barua? Lakini hebu fikiria mtu ambaye hajapata choo siku tano, kibofu kimembana, na maneno ya kusema "naumwa hapa" yameshampotea. Atasimama. Atakaa. Atasimama tena. Ataelekea mlangoni, kwa sababu mwili unamwambia kuna mahali anatakiwa awe, ila haumwambii wapi.

Niliwahi kuletewa bibi mmoja ambaye familia ilisema amekuwa mkali. Alikuwa akivuta gauni lake, akijipiga mapaja, akimsukuma yeyote anayemsogelea. Jamaa walikuja tayari na jina la dawa waliyoitaka. Muuguzi niliyekuwa naye hakusema kitu, akaweka kiganja chini ya kitovu cha bibi, akaniangalia. Pale palikuwa pagumu, pa duara, kama kibuyu. Tulimwekea mpira wa mkojo, ikatoka zaidi ya lita moja, na bibi alisinzia kabla hatujamaliza kuufunga mfuko. Ukali wake wote ulikuwa mkojo.

Kwa hiyo vile vidonge mlivyojinunulia viwekeni pembeni leo. Dawa alizoandikiwa na daktari msiziguse, ila wiki hii hii mpelekeni akapimwe, na mbebe kila anachokunywa, hata cha chupa, hata cha mitishamba, vyote kwenye mfuko mmoja. Mweleze daktari kwamba hali imebadilika ndani ya wiki mbili. Neno hilo lina uzito. Ugonjwa wa kusahau hupanda kwa miezi na miaka. Mgonjwa akibadilika ndani ya siku chache, mara nyingi kuna jambo jingine limeingia: maambukizi ya mkojo au ya mapafu, upungufu wa maji, sukari iliyopanda au kushuka, dawa mpya. Kuweweseka huku kwa ghafla madaktari hukuita deliriamu. Alama yake kubwa ni kwamba mtu hupanda na kushuka ndani ya siku moja, sasa anakujibu vizuri, baada ya saa moja macho yako kwingine, pengine anaona vitu ambavyo havipo. Wengine hawahangaiki kabisa, wanapooza tu na kusinzia, na hao ndio tunaowakosa kwa sababu hawasumbui mtu.

Msisubiri wiki iishe kama ana homa, anapumua kwa shida, hajakojoa tangu asubuhi, haamki vizuri, au alianguka akajigonga kichwa. Kuanguka kuhesabuni hata kama kulitokea wiki kadhaa nyuma, maana kwa mtu mzima wa umri wake damu huweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu na kuleta shida baadaye.

Maumivu nayo. Mgonjwa wa kusahau anaumwa meno, magoti na mgongo kama wazee wenzake, kasoro hasemi. Mwaka 2011 watafiti wa Norwei walichapisha kazi waliyoifanya kwenye makao ya wazee 18, kwa wagonjwa 352 wenye dimenshia, yaani huu ugonjwa wa kusahau, na mahangaiko. Nusu waliendelea na matunzo ya kawaida, nusu wakatibiwa maumivu kwa mpangilio kwa wiki nane, wengi wao kwa parasetamoli tu. Waliotibiwa maumivu, mahangaiko yao yalipungua kwa takriban asilimia 17. Huwa naitaja kazi hiyo kila mtu anapoanza kuniuliza dawa ya akili. Usimuulize mama "unaumwa?" ukaridhika na "hapana" yake. Mtazame anapoinuka kitini, anapovalishwa, anapogeuzwa kitandani. Je, anakunja uso? Anabana pumzi? Anashika mahali pamoja? Anatafuna upande mmoja? Ukiyaona hayo, mwambie daktari, na umuulize kama parasetamoli kwa saa maalumu inamfaa mama na kwa kiasi gani, kulingana na uzito wake na hali ya ini.

Sasa tuseme amepimwa, choo kimefunguka, hana homa, na bado saa 11 inamkuta mlangoni. Inawezekana kabisa, kwa sababu umesema hata zamani ilimpata mara mojamoja.

Jioni ina ugumu wake. Ndani kabisa ya ubongo kuna kiini kidogo kinachoendesha saa ya mwili kwa kusoma mwanga unaoingia machoni, na ugonjwa huu hukiharibu nacho. Mchana na usiku huanza kuchanganyika. Juu ya hapo kuna uchovu: mtu ambaye ubongo wake umefanya kazi ya ziada tangu asubuhi kutambua sura, milango na sauti, jioni amekwisha. Halafu ndiyo saa ambayo nyumba nzima hubadilika, watu wanarudi, redio inawashwa, vyombo vinagongana, kila mmoja yuko mbioni. Na mwanga unafifia, vivuli vinarefuka. Jaribu kukaa kwenye kiti chake saa hiyo utazame anachokitazama. Kioo cha dirisha ambacho mchana kilionyesha nje, giza likiingia taa ikawashwa, kinageuka kuwa kioo cha kujitazamia. Mama anaona humo bibi kizee asiyemjua amesimama akimwangalia. Funga mapazia na washa taa zote kabla giza halijaingia, halafu uone kama hiyo peke yake haijapunguza kitu.

Mchana apate jua la nje, hasa asubuhi, na atembee. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa hivi. Chai na kahawa ziishie adhuhuri. Chakula chake cha jioni kiwahi, kabla ya ile saa mbaya, kwa kuwa njaa nayo ni hangaiko lisilo na jina. Mpeleke choo kila baada ya saa mbili bila kungoja aombe.

Twende kwenye lile la nyumbani. Unapomwambia "hapa ndipo nyumbani," unasema kweli, na yeye anasikia kwamba mtu asiyemfahamu vizuri amemkatalia kwenda kwa watoto wake wenye njaa. Mama yuko kwenye mwaka mwingine. Anafunga cherehani, jua linazama, ana watoto wadogo wanaomsubiri. Hofu yake ni ya mama mzuri. Ukimsahihisha, utakuwa umeondoa sababu ya hofu kwa dakika mbili, kisha sababu inarudi, na hofu haikwenda popote.

Hili si la kubuni. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha wagonjwa 17 wa Alzheimer vipande vya filamu za huzuni na za furaha. Muda mfupi baadaye wengi hawakukumbuka karibu chochote walichokiona, lakini huzuni na furaha zilibaki. Na waliokumbuka kidogo zaidi ndio waliokaa na huzuni kwa muda mrefu zaidi. Soma tena hiyo ya mwisho. Kusahau hakumwokoi mama na hofu. Kunamwacha nayo bila kujua imetoka wapi. Ndiyo maana yale makelele ya juzi yanaweza kuwa yalimkaa jioni nzima hali maneno yenyewe yalishafutika. Na ndiyo maana pia wimbo mmoja mlioimba pamoja, au dakika kumi za kumpaka mafuta mikononi, hazipotei hata asipozikumbuka.

Kwa hiyo ijibu hofu, maneno yaache yapite. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Nataka kwenda nyumbani."

"Unawaza nyumbani, mama."

"Watoto hawajala!"

"Watoto wako hawajawahi kulala njaa hata siku moja. Wewe? Thubutu! Na yule mtundu, maana lazima kuna mtundu."

Hapo huenda akacheka, au akaanza kukusema wewe mwenyewe mbele yako. Acha akuseme. Baada ya hapo ndipo unasema, "Njoo kwanza unishikie hii nguo." Usianze na nguo, ukianza kumgeuza mawazo kabla hajaona umemsikia, anajua anafanywa mtoto. Na sauti yako iwe ya chini, usimame ubavuni pake badala ya kumzibia mlango, uso wako uwe usawa wa uso wake. Mlango ukishakuwa mapambano, umeshindwa hata ukishinda.

Umeuliza kama "tutakwenda kesho" ni kumdanganya. Mimi siiiti dhambi, na wenzangu wengine wana msimamo mkali kuliko wangu pande zote mbili. Ninachokiona ni kwamba ni jibu dhaifu: linamnyamazisha, halimtulizi, na baadhi ya wagonjwa huamka alfajiri wamefunga mizigo. Likikuponyoka siku umechoka, lisikukoseshe usingizi. Lakini kuna ukweli mmoja nakusihi usimpe. Akimuulizia mama yake aliyefariki, usimwambie kila jioni kwamba amekufa. Kila ukimwambia, anafiwa upya. Muulize mama yake alikuwa anapika nini, alikuwa anaimba nini.

Mikono yake je? Fundi cherehani wa miaka mingi, mikono haistaafu. Nina hakika ukimchunguza utamwona anapapasa upindo wa gauni, anautembeza kati ya kidole gumba na cha shahada kama anayetafuta mshono uliokaa vibaya. Watu huona hiyo ni dalili, wakamshika mikono atulie. Mpe kitambaa. Mpe kapu la vipande vya rangi na ugumu tofauti, avipange, avikunje, avikunjue. Vifungo vikubwa avichambue, madhali haviweki mdomoni. Sindano na mkasi viwe mbali. Mpe saa 10 na nusu, kabla hofu haijaamka. Na akikukabidhi vilivyokunjwa, usivikunje tena mbele yake kwa sababu havikunyooka.

Miguu nayo iache itembee. Kutembea si ugonjwa, na mgonjwa akizuiwa kutembea hugeuka mwenye hasira. Kazi yako ni kumwondolea mikeka inayoteleza na waya za umeme njiani, kumvalisha viatu visivyochomoka, kuacha taa ndogo kati ya kitanda na choo, na kuhakikisha mlango wa nje haufunguki kimyakimya. Avae kitu chenye namba yako ya simu. Siku nyingine mtoke naye, mzunguke, mrudi, ukifika mlangoni sema, "Karibu nyumbani, mama." Nimeona hilo likifanya kazi kwa watu ambao hakuna maneno yaliyowafaa.

Tufike kwa dawa kali ya kaka. Mara nyingi anayezungumziwa hapo ni haloperidoli, risperidoni au ndugu zao, dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilipitia majaribio 17 ya kundi jipya la dawa hizi kwa wazee wenye dimenshia, ikakuta waliopewa dawa walikufa kwa kiwango cha mara 1.6 hadi 1.7 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa: katika jaribio la kawaida la wiki 10, takriban asilimia 4.5 dhidi ya 2.6. Onyo kali likawekwa, na mwaka 2008 likaongezwa kwenye zile za zamani, haloperidoli ikiwemo. Zaidi ya kifo kuna kiharusi, kuanguka, na kukakamaa. Kwa mgonjwa mwenye aina ya ugonjwa wa kusahau iitwayo dimenshia ya miili ya Lewy, ambaye mara nyingi huona watu au wanyama wasiokuwepo na hutembea kwa kukakamaa, hata kiasi kidogo kinaweza kumwangusha vibaya. Kama mama ana dalili hizo, iwe sentensi ya kwanza kumwambia daktari.

Lipo na la kejeli. Dawa hizi, pamoja na metoklopramidi inayotolewa kwa kichefuchefu, huweza kuleta hali ambayo miguu inawaka kwa ndani na mtu hawezi kukaa. Kwa mtazamaji, mgonjwa amezidi kuhangaika, basi dozi inaongezwa, naye anazidi. Nimekuta watu waliotulia kwa kuondolewa dawa waliyopewa ili watulie. Diazepamu na jamii yake si njia ya mkato pia: huongeza mkanganyiko na kuanguka, na kwa baadhi ya wazee hufanya kinyume, badala ya kulala wanachachamaa.

Sisemi dawa hizi hazina mahali. Kama mama angekuwa hatari kwake au kwenu, au anateswa na hofu ya vitu asivyoviona mchana na usiku, na yote niliyoyaeleza yamejaribiwa kwa dhati, daktari anaweza kuanza kwa kiasi kidogo sana, kwa muda unaojulikana, na tarehe ya kuangalia upya iandikwe siku hiyohiyo. Dawa isiyo na tarehe ya kusimama nina shaka nayo. Kwa ulichoniandikia, mama hajafika huko.

Ukienda kwa daktari, nenda na daftari. Kwa siku saba andika saa aliyoanza kuhangaika, nini kilitangulia nusu saa kabla (mgeni? njaa? kelele? kuvuliwa nguo aoge?), alifanya nini, na nini kilimtuliza. Mistari miwili inatosha. Choo na mkojo uviweke pembeni mwa ukurasa. Ukifika siku ya tano utaanza kuona kitu ambacho mimi nikiwa huku siwezi kukiona.

Kumfokea mama juzi kulikuwa usingizi uliokosa wiki mbili. Mtu asiyelala hana subira, hata awe mtaalamu wa jambo hili. Naandika hivyo nikiwa najua ninachokisema. Unahitaji angalau usiku mmoja au miwili kila wiki ambapo mtu mwingine ndiye anayeamka, na hilo uliombe kama unavyoomba dawa, kwa sauti, kwa jina la mtu na siku.

Na nianze kukupa jina: kaka yako. Mwombe aje alale hapo siku mbili, wewe ukalale kwa rafiki. Aanze saa 10 jioni. Mwachie daftari, kapu la vitambaa, na mwonyeshe mapazia yanafungwa saa ngapi. Mazungumzo ya dawa kali yafanyeni asubuhi ya siku ya tatu.